Nguvu ya Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Dhana inayozaa nyingine zote ni hii: kwamba Marekani iliingia vitani ikiwa tayari jitu la kijeshi. Jenerali George Marshall alikabidhiwa ukuu wa jeshi la nchi kavu tarehe 1 Septemba 1939, siku ileile Ujerumani ilipoivamia Poland, na jeshi alilolikuta halikufika askari 200,000. Hata baada ya hapo kuna vikosi vilivyofanya mazoezi na malori yaliyoandikwa "kifaru" ubavuni, kwa kuwa vifaru vyenyewe havikutosha. Kufikia 1945 jeshi hilo lilikuwa na watu zaidi ya milioni nane.

Ya pili ni Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani huko Hawaii. Kipigo cha tarehe 7 Desemba 1941 kilikuwa kikali kwelikweli: Wamarekani zaidi ya 2,400 waliuawa, na manowari zote nane kubwa zilizokuwa bandarini zilipigwa. Lakini kusema kwamba Wajapani waliimaliza nguvu ya Marekani baharini ni kutia chumvi. Meli za kubebea ndege hazikuwapo: Enterprise na Lexington zilikuwa safarini, Saratoga ilikuwa San Diego. Matangi ya mafuta hayakuguswa, na karakana za meli ziliendelea na kazi. Halafu bandari ile ina kina kifupi, kwa hiyo meli "iliyozama" mara nyingi ilikuwa imekalia tope tu. Kati ya zile nane, sita zilirudi vitani.

Itazame West Virginia, mojawapo ya hizo sita. Ilitobolewa ubavuni kwa topido, ikakaa chini, ikaibuliwa mwaka 1942, ikaundwa karibu upya. Usiku wa kuamkia 25 Oktoba 1944, katika mlangobahari wa Surigao huko Ufilipino, ndiyo iliyotangulia kufyatua mizinga mikubwa, ikizilenga meli za Wajapani gizani kwa msaada wa rada. Manowari kubwa za Marekani usiku huo zilikuwa sita, na tano kati yake ni majeruhi wa Pearl Harbor. Kwangu mimi hiki ni kisa kitamu kuliko vyote vya vita vile vya baharini, na ajabu ni kwamba hakisimuliwi sana.

Wengi pia huamini Marekani ndiyo iliyoanza kuitangazia Ujerumani vita. Hapana, Hitler ndiye aliyetangulia, tarehe 11 Desemba 1941.

Tukija kwa makamanda, Dwight Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika huko Ulaya Magharibi, huchorwa kama simba wa medani. Ukweli ni kwamba Vita vya Kwanza vilimalizika akiwa Pennsylvania akifundisha askari wa vifaru, na hakuwahi kuongoza kikosi kwenye mstari wa mbele. Kipaji chake kilikuwa kuwafanya watu wenye vichwa vigumu wafanye kazi pamoja. Kabla ya majeshi kuvuka kwenda Normandy, pwani ya Ufaransa, Juni 1944, aliandika kikaratasi cha kutangaza kushindwa, endapo mambo yangeharibika, akijitwisha lawama yote yeye mwenyewe. Kwa mawazo mengi kichwani aliandika tarehe 5 Julai badala ya 5 Juni.

Na Normandy yenyewe haikuwa ya Wamarekani peke yao. Kati ya askari takriban 156,000 walioingia siku ya kwanza, Waingereza na Wakanada walikuwa wengi kuliko Wamarekani. Majeshi ya nchi kavu, ya majini na ya anga, yote yaliongozwa na Waingereza chini ya Eisenhower. Nao Wajerumani wengi zaidi walifia upande wa mashariki, mikononi mwa Wasovieti.

Mbio za vifaru vya Jenerali Patton wa Marekani kuvuka Ufaransa, je? Mwishoni mwa Agosti 1944 zilikwama kwa kukosa mafuta. Waliokuwa wakibeba mafuta, risasi na chakula usiku na mchana kwa malori ya msafara ulioitwa Red Ball Express, takriban robo tatu yao walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi lililowatenga kwa rangi. Ubaguzi huo haukupigwa marufuku jeshini hadi amri ya Rais Truman ya 1948.

Bomu la atomiki nalo husemwa ni zao la Marekani tupu. Sehemu kubwa ya urani yake ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya madini ya Union Minière, alikwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York mwaka 1940, yakahifadhiwa Staten Island. Luteni Kanali Kenneth Nichols wa mradi wa bomu alipokwenda kuyaulizia Septemba 1942, walielewana kwa kikao kimoja, masharti yakaandikwa kwenye karatasi ya njano. Yalikuwa na kiwango cha oksidi ya urani cha takriban asilimia 65, utajiri usio wa kawaida. Baada ya vita Sengier alivishwa nishani na serikali ya Marekani. Kwa wachimbaji wa Katanga walioyatoa ardhini, sijasikia nishani yoyote.