Mia ya Wamalta si Mia ya Waromania

Mswahili akisikia Kimalta kwa mara ya kwanza hugeuka kuangalia nani anazungumza. Sita kwao ni sitta, saba ni sebgħa, tisa ni disgħa. Kitabu ni ktieb. Mia ni mija na elfu ni elf. Kiarabu kilifika kwenye kisiwa hicho cha Mediterania kama kilivyofika kwenye pwani yetu, kikaacha hesabu zake huko na huku. Waromania nao wana neno linalotamkwa mia, ila kwao maana yake ni elfu. Wakulima wa Transylvania, eneo la Romania ya leo, waliokwenda Marekani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na msemo wao: mia și drumul, elfu moja na nauli. Mtu akishaweka dola elfu moja na pesa ya njiani, safari imekwisha, anarudi kijijini kununua shamba.

Nimelianza somo hili kwa neno hilo kwa makusudi. Dawati letu la takwimu za watu huletewa mara kwa mara majedwali yanayozunguka kwenye simu, yanayowapanga wahamiaji wa Marekani kama timu za ligi: huyu wa ngapi kwa kipato, yule wa ngapi kwa ndoa, wa tatu kwa elimu. Malta dhidi ya Romania ni mojawapo. Anayeleta huuliza swali moja: nani kafaulu? Jibu langu huwakera wengi. Jedwali la namna hiyo linapima mwaka ambao watu walipanda meli au ndege, na umri walio nao leo, kuliko linavyopima juhudi zao. Tarakimu ni ileile kwenye karatasi, ila upande mmoja ni mia na upande wa pili ni elfu.

Tuanzie mji ambao jamii hizi mbili zilikutana kweli, Detroit. Januari 1914 Henry Ford, mwenye kiwanda cha magari, alitangaza ujira wa dola tano kwa siku, na habari hiyo ilivuka bahari haraka kuliko barua yoyote ya serikali. Waromania walikuwa tayari wametapakaa kwenye miji ya chuma na makaa ya kando ya Maziwa Makuu. Cleveland walikuwa na chama chao, Carpatina, tangu 1902, na parokia yao ya Kiorthodoksi tangu 1904. Wengi wao hawakuwa raia wa Romania hata kidogo. Walitoka Transylvania, Banat na Bukovina, sehemu zilizokuwa chini ya Austria na Hungaria. Afisa wa uhamiaji akiangalia hati anaandika Austria au Hungaria, ilhali mwenye hati anasali Kiromania. Hapo ndipo kasoro ya kwanza ya jedwali ilipozaliwa, miaka zaidi ya mia moja iliyopita.

Wamalta walifika Detroit baadaye kidogo, hasa baada ya vita. Uchumi wa Malta uliegemea gudi la jeshi la majini la Uingereza. Vita vilipokwisha kazi zikapungua, bei ya mkate ikapanda, na Juni 1919 watu wakaingia mitaani Valletta, mji mkuu, askari wakafyatua risasi. Vijana waliokuwa wakifunga riveti kwenye meli wakaenda kufunga boliti kwenye magari. Walijikusanya mtaa wa Corktown, uliokuwa wa Waayalandi, wakajenga kanisa la Mtakatifu Paulo, mtume ambaye Biblia inasema meli yake ilivunjikia Malta, kwa sababu Mmalta hana kanisa lenye jina jingine ughaibuni ikiwa jina la Paulo bado halijachukuliwa. (San Francisco nako wana Mtakatifu Paulo wa Kuvunjikiwa Meli. Toronto, Paulo Mtume.)

Kisha sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1924 ikafunga mlango. Romania yote ilipewa nafasi 603 kwa mwaka. Kuanzia hapo historia za jamii hizi mbili zinaachana, na kuachana huko ndiko kunakofafanua karibu kila tarakimu utakayoiona leo.

Wamalta waliendelea kuondoka, ila kwa njia nyingine. Baada ya Vita vya Pili serikali yao iliingia mapatano na Australia mwaka 1948 ya kulipia sehemu ya nauli, na kati ya 1946 na mwishoni mwa miaka ya 1970 watu zaidi ya 140,000 waliondoka kwa mpango wa nauli ya kusaidiwa. Nchi yenyewe wakati mpango unaanza ilikuwa na watu kama 300,000. Zaidi ya nusu walikwenda Australia, wengine Uingereza na Kanada, na Marekani ikapata asilimia saba tu. Halafu bomba likakauka. Malta ilipata uhuru 1964, viwanda na utalii vikaajiri, na mtu mwenye kazi nyumbani hana sababu ya kupanda meli.

Waromania walifanya kinyume. Chini ya Nicolae Ceaușescu, mtawala wa kikomunisti wa Romania, kutoka nchini ilikuwa kazi ya kujificha au ya kulipiwa: Wajerumani wa Transylvania waliruhusiwa kwenda Ujerumani Magharibi baada ya serikali ya Bonn kutoa fedha kwa kila kichwa. Desemba 1989 utawala ukaanguka na mipaka ikafunguka. Waliokwenda Marekani walikuwa, kwa sehemu kubwa, wahandisi, madaktari, walimu wa hisabati, vijana wa kompyuta, pamoja na familia za Kipentekoste zilizokwisha kuchoka kubanwa kwa ajili ya dini. Wengi walianza kwa kile ambacho ndugu zetu wa ughaibuni wanakiita kubeba maboksi, vyeti vikiwa ndani ya sanduku. Miaka kumi baadaye cheti kilitoka sandukuni.

Sasa rudi kwenye jedwali la Marekani. Waliozaliwa Romania wana shahada za chuo kikuu kwa kiwango kinachozidi Wamarekani wazaliwa, na kipato cha kaya zao kiko juu ya wastani wa wahamiaji wote. Waliozaliwa Malta ni wachache sana, na wengi ni wazee walioingia viwandani wakiwa vijana. Linganisha kipato cha mhandisi wa miaka 45 na pensheni ya mjane wa fundi wa gari mwenye miaka 80, kisha useme Waromania wana bidii zaidi. Ndivyo jedwali linavyotaka useme.

Geuza safu moja tu, matokeo yanapinduka. Badala ya mahali pa kuzaliwa, soma nasaba, yaani watu wanaojitaja kuwa ni wa asili ya Malta. Hapo wanaingia watoto na wajukuu, waliozaliwa Michigan, California na New York, Kiingereza chao hakina lafudhi, nyumba ya babu imekwisha kulipiwa. Ghafla Wamalta wanapanda ngazi. Hakuna mtu aliyepata hata senti moja zaidi kati ya jedwali la kwanza na la pili.

Kuna na jambo la wingi. Idara ya Sensa ya Marekani hutuma dodoso lake la kila mwaka kwenye anuani kama milioni 3.5, na si zote zinazojibu. Watu wanaojitaja Wamalta Marekani nzima wanakadiriwa kuwa kama 40,000, kwa hiyo waliomo ndani ya sampuli ya mwaka mmoja ni mia chache. Ukiwagawa tena kwa umri, kwa ndoa, kwa umaskini wa watoto, unabaki na kundi linaloweza kuenea kwenye daladala mbili tatu. Kaya tano zikihama kutoka Detroit kwenda San Francisco, ambako mishahara na kodi za nyumba ni vitu vya dunia nyingine, Wamalta wote wanaonekana wametajirika. Waromania ni mara kumi na zaidi, kwa hiyo tarakimu zao zimetulia. Jedwali zuri huandika kando ya kila kadirio kiwango cha kosa la sampuli. Yale yanayozunguka kwenye simu hayana safu hiyo. Ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta, nisipokiona silipotezei muda.

Nani hasa ni Mmalta au Mromania katika hesabu hizi? Elie Wiesel, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel, alizaliwa Sighet, Romania, mwaka 1928. Alikuwa Myahudi aliyekulia kwenye Kiyidishi. Kwa safu ya mahali pa kuzaliwa ni mhamiaji kutoka Romania. Kwa safu ya nasaba huenda asiwemo. Uingereza mkanganyiko uko upande wa Malta. Sensa ya huko imekuwa ikionyesha maelfu ya wazaliwa wa Malta ambao hawajui neno la Kimalta, kwa kuwa baba zao walikuwa mabaharia na askari wa Kiingereza waliopangiwa kisiwani kabla jeshi halijaondoka Machi 1979. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam asishangae. Fungua sensa hiyohiyo uangalie wazaliwa wa Kenya na Tanzania: sehemu kubwa ni Wahindi wa Leicester na London walioondoka kwetu miaka ya 1960 na 1970. Ukisoma kuwa wazaliwa wa Kenya wanamiliki nyumba kwa wingi Uingereza, usikimbilie kumpongeza shemeji yako aliyeko Birmingham.

Mpaka hapa nimesema fedha tu, na ustawi haukai kwenye fedha peke yake. Hapa ndipo takwimu zinapokuwa dhaifu na historia inapolazimika kuzishika mkono.

Wamalta wa Australia wanasifiwa kuwa wametulia: wanajulikana kwa kumiliki nyumba, bustani za mboga magharibi ya Sydney, vilabu vya Melbourne, na leo watu karibu 200,000 wanajitaja kuwa na asili hiyo huku wazaliwa wenyewe wa Malta wakibaki kama 35,000. Lakini mwaka 1916 meli ya Kifaransa iitwayo Gange ilifika na wanaume 214 wa Kimalta wakati Australia ikigombana juu ya kura ya kulazimisha watu jeshini. Walipewa mtihani wa imla. Kwa Kiholanzi. Wote walifeli, kama ilivyokusudiwa, wakapelekwa hadi Nouméa, Kaledonia Mpya, na hawakuruhusiwa kukanyaga nchi kavu wakiwa huru hadi Machi 1917. Na kati ya 1950 na 1965 watoto 310 walitumwa kutoka Malta kwenda kwenye taasisi za Australia Magharibi, wazazi wakiahidiwa elimu bora. Wengi walikuta kazi za sulubu na mateso. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi, pamoja na wenzao wa Uingereza, Novemba 2009. Baadhi ya watoto hao walikuja kununua nyumba nzuri. Safu ya umiliki wa nyumba imewahesabu vizuri kabisa.

Waromania gharama yao haiko Marekani. Iko Ulaya, ambako ndiko wengi walikokwenda baada ya nchi yao kuingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2007. Italia ina zaidi ya milioni moja, kundi kubwa kuliko la wageni wengine wowote. Uingereza na Wales walikuwa kama 80,000 mwaka 2011, sensa ya 2021 ikakuta 539,000. Wanajenga, wanachuma matunda, wanapanga mizigo maghalani, na wanawake wanauguza wazee wa Kiitaliano wakilala nyumba hiyohiyo, usiku na mchana. Waitaliano wanamwita badante. Romania kwenyewe madaktari na magazeti yana jina la kinachowapata wanawake hawa wakirudi: sindromul Italia, ugonjwa wa Italia, yaani kukosa usingizi, huzuni nzito, kushindwa kukaa tena na watoto waliolelewa na bibi. Mwanamke huyo kwenye takwimu za Italia ni mwajiriwa. Kwenye takwimu za Romania ni mtuma fedha. Mtoto wake hana safu.

Kwa hiyo mtu akikuletea jedwali la jamii mbili, muulize mambo ambayo mwenye duka angeuliza kabla ya kulinganisha bei. Kipimo ni kilekile? Hawa ni wazaliwa au ni wajukuu? Umri wao wa kati ni upi, wanaishi mji upi, kipato ni cha mtu mmoja au cha kaya yenye mishahara mitatu? Ukipata majibu, linganisha Mmalta wa miaka 40 mwenye shahada huko Queens, New York, na Mromania wa miaka 40 mwenye shahada huko huko Queens. Mara nyingi tofauti iliyofanya watu wabishane usiku kucha inayeyuka, na ile inayobaki ni ndogo hata haifai kupigiwa picha ya simu.

Wakati huo nchi zenyewe mbili zimekwisha hamia upande wa pili wa jedwali. Sensa ya Malta ya 2021 ilikuta watu 519,562, na zaidi ya mmoja katika kila watano si raia. Romania, iliyoshuka kutoka watu milioni 23 mwaka 1990 hadi 19 mwaka 2021, ilitenga mwaka 2022 vibali 100,000 kwa wafanyakazi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, na kwenye majengo ya Bucharest sasa mafundi ni Wanepali na Wasri Lanka. Wengi wanasema watakaa miaka mitatu minne, waweke akiba, wapate na nauli ya kurudi.