Kabla Hujamwomba Rais Ashushe Ushuru

Kila bajeti inapokaribia, maombi kwenye madawati ya forodha huongezeka, na mengi humtaja Rais: atoe tamko, ushuru wa kontena upungue. Waombaji wana nia njema, na kumtazama Rais kuna sababu yake. Tanzania imewahi kumpa Rais jina kutokana na biashara, na jina hilo halijafutika. Ila namna lilivyopatikana haifahamiki vizuri, ndiyo maana maombi mengi hupelekwa pasipohusika.

Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka. Fedha za kigeni zilikauka, na bidhaa zilipita kwenye mashirika ya umma hadi maduka ya RTC, kampuni za umma za biashara za mikoa, ambako sabuni, sukari na unga vilisubiriwa kwa foleni. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mwenye katoni chache za sabuni akaogopa kukutwa nazo. Ali Hassan Mwinyi alipoapishwa Novemba 5, 1985, hali ikaanza kugeuka. Maduka yakajaa, mitumba iliyoitwa kafa Ulaya ikavaliwa kila kona, na mtu aliyekuwa akiuza kwa kujificha akaweka meza barabarani mchana kweupe. Watu wakamwita Mzee Ruksa.

Wengi hawajui kwamba mlango ule ulianza kufunguliwa kwenye bajeti ya mwaka 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu. Bajeti hiyo ilimruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa zilizoorodheshwa bila kuulizwa fedha kazipata wapi. Mwinyi wakati huo alikuwa Rais wa Zanzibar, ambako naye alilegeza masharti ya biashara. Alipoingia Ikulu ya Muungano aliupanua mlango huo, na mwaka 1986 Serikali yake ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, makubaliano yaliyoendana na kushushwa kwa thamani ya shilingi. Sifa ikaenda kwa aliyekuwa madarakani sabuni ilipoonekana dukani. Mnunuzi hakumbuki tarehe ya waraka wa bajeti, na sioni sababu ya kumlaumu kwa hilo.

Sera hiyohiyo ilikuwa na upande wa pili. Viwanda vya nguo vilivyokuwa vikiyumba tayari vilishindwa kushindana na mitumba, na waliopoteza kazi humo hawausimulii wakati ule kwa furaha ya mnunuzi. Misamaha ya kodi nayo ilizidi, hadi mwaka 1994 wafadhili wakazuia misaada. Sheria ya kuanzisha Mamlaka ya Mapato ilipitishwa mwaka 1995, na Mamlaka ikaanza kazi Julai 1, 1996, chini ya Rais Benjamin Mkapa. Hata hivyo, Mzee Mwinyi alipofariki Februari 29, 2024, waliomlilia walimtaja kwa jina la Ruksa. Kwa maoni yangu jina hilo alilistahili: angeweza kuufunga mlango alioukuta wazi, na ndani ya chama wapo ambao wangefurahi.

Sasa tuje kwenye maombi ya leo. Lazima niseme wazi, maana tumelieleza jambo hili mara nyingi: Rais hapangi peke yake ushuru wa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2005 tunatumia viwango vya pamoja, na kuanzia Julai 1, 2022 viwango hivyo ni asilimia 0, 10, 25 na 35, mbali na bidhaa nyeti kama sukari na mchele zenye viwango vyake. Mawaziri wa Fedha hukutana kabla ya bajeti, na nchi inayotaka kutumia kiwango tofauti huomba, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Yaliyokubaliwa huchapishwa kwenye Gazeti la Jumuiya na kuanza Julai 1. Aliyeleta ombi lake baada ya hotuba ya bajeti kusomwa amechelewa. Lipeleke mapema Wizara ya Fedha, likiwa na namba ya bidhaa kwenye kitabu cha ushuru na sababu yenye hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mzigo wenye thamani ya shilingi 1,000,000, pamoja na bima na usafiri hadi bandarini, ukiwa kwenye kiwango cha asilimia 25 hulipiwa ushuru wa 250,000. VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya 1,250,000, yaani 225,000. Tozo nyingine zipo kando.

Vibali vya kuingiza bidhaa ni habari nyingine, na huko neno la Rais lina uzito mkubwa. Februari 2016 Rais John Magufuli alizuia sukari kuingizwa bila idhini yake ili kulinda viwanda vya ndani. Alipongezwa, lakini baada ya miezi michache sukari ikaadimika, bei ikapanda, na Serikali ikalazimika kuagiza. Namna ya ukusanyaji nayo iko mikononi mwa Serikali. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipogoma Mei 2023, kilio chao kikubwa kilikuwa ukaguzi na kamatakamata, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza.

Kwa hiyo tamko ulilolisikia redioni lisikufanye ubadilishe nyaraka zako. Wapo wanaoandika thamani pungufu wakidai kiongozi alishasema ushuru umepunguzwa. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 kinasema tamko la uongo ni kosa: kifungo kisichozidi miaka mitatu, au faini isiyozidi dola 10,000. Ukiona umekadiriwa isivyo haki, andika kwa Kamishna wa Forodha ndani ya siku 30 tangu uamuzi, ueleze sababu zako. Naye ana siku 30 za kukujibu kwa maandishi. Usiporidhika, una siku 45 za kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufani za Kodi, zinazohesabiwa tangu siku uliyopokea uamuzi, hivyo tunza nakala yenye tarehe ya kupokelewa.