Ufahamu wa Kiingereza: "it" hii ni ya nani?

Kila matokeo ya mtihani wa utamilifu yanapotoka, hunijia wanafunzi wa Kidato cha Nne na malalamiko yaleyale: "Mwalimu, maneno yote ya kile kifungu nilikuwa nayajua. Mbona nimekosa?" Nao husema kweli. Nikimwomba mmoja wao anitajie maana ya neno mojamoja, anayataja yote bila kusita. Kilichomponyoka ni nani alimfanya nini nani.

Wanafunzi wangu karibu wote walisoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule nyingi za msingi za serikali hapa Tanzania. Wakiingia Kidato cha Kwanza, lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza. Tunawapa kamusi, orodha za msamiati, tuisheni ya likizo. Tunasahau kuwaambia jambo moja kubwa: Kiswahili kimelizoesha jicho lao kupata msaada ambao Kiingereza hakiutoi.

Chukua kifungu hiki kidogo nilichokiandika kwa ajili ya darasa langu: "Neema took the lamp out of the box and hid it under the bed. It was heavy, but her grandmother had always kept her money in it." Swali: "What was heavy?" Wengi wanajibu taa. Sasa andika habari hiyohiyo kwa Kiswahili: Neema alitoa taa ndani ya sanduku, akaificha uvunguni. Lilikuwa zito, lakini bibi yake siku zote alitunzia fedha zake humo. Hakuna mtoto wa darasa la nne atakayesema taa ndiyo nzito. Kuna "i" ya taa katika "akaificha" na kuna "li" ya sanduku katika "lilikuwa", mambo yamekwisha. Ngeli imetufanyia kazi kabla hata hatujafikiri.

Kiingereza kina "it" moja tu kwa taa, sanduku, mvua, ugonjwa na wazo zima la aya iliyopita. Msomaji ndiye anayepaswa kuifuatilia. Katika mfano wetu jibu limekaa mwishoni mwa sentensi: fedha hutunzwa ndani ya kitu, kwa hiyo kitu hicho ni sanduku. Aliyekimbilia kujibu baada ya "It was heavy" amekosa kwa sababu ya kutofika kwenye nukta. Ndiyo maana sheria ya kwanza darasani kwangu ni penseli. Kila "it", "they", "this", "which" na "one" inazungushiwa duara, kisha unachorwa mshale kurudi kwenye jina lake. Ikiwa mshale hauna pa kwenda, hujaelewa. Rudi sentensi mbili nyuma.

Upande wa pili Kiingereza kinatoa msaada ambao sisi tumezoea kuishi bila kuuhitaji. "Alimwambia" yetu haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, basi wanafunzi wengi hupita juu ya "he" na "she" kana kwamba ni neno moja. Nimeona kifungu chenye mjomba na shangazi wakigombania shamba, na nusu ya darasa wakampa mjomba maneno ya shangazi, ilhali "she" ilikuwa imeandikwa waziwazi mara tatu. Hilo ni jibu la bure ambalo mtu ameliacha mezani.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni virejeshi vilivyojificha. Soma hii: "The boys chased by the dogs climbed a tree." Nimekusanya tafsiri zisizohesabika zisemazo wavulana waliwafukuza mbwa. Kiswahili kingesema "wavulana waliofukuzwa na mbwa", na hiyo "-o-" pamoja na "-w-" zinakupigia kelele. Kiingereza kimeziacha zote mbili zikae ndani ya "chased", ambayo kwa sura ni sawasawa na kitenzi cha wakati uliopita. Njia ninayofundisha ni kutafuta kitenzi kikuu kwanza. Hapa ni "climbed". Kilichobaki kati ya "boys" na "climbed" ni maelezo ya wavulana gani. Fanya vivyo hivyo na "The medicine the nurse brought made the child sleep": kilichomlaza mtoto ni dawa, na "the nurse brought" ni ile "aliyoileta muuguzi" yetu, ila kirejeshi kimedondoshwa. Ukiizoea hii, sentensi ndefu zinazotisha kwenye vifungu vya mtihani zinakatika vipande vinavyomezeka.

Kuna maneno madogo yanayogeuza maana ya sentensi nzima. "Few farmers came" ni kwamba karibu hakuna aliyekuja, bali "a few farmers came" ni kwamba kadhaa walikuja. "He hardly spoke" haina uhusiano na kusema kwa nguvu. Mtu huyo alikaa karibu kimya. "Unless" ni "isipokuwa kama". Haya yaandike ukutani juu ya kitanda.

Maswali ya maana ya neno kama lilivyotumika huwaadhibu waliokariri. "Address" wengi wanaijua kama anwani. Lakini "the council addressed the water problem" ni baraza lililishughulikia tatizo la maji. Ukishapata neno mbadala, liweke ndani ya sentensi na uisome yote: kama la asili liko katika wakati uliopita, na lako liwe hivyo. Kwa swali la kichwa cha habari, kataa kinachofaa aya moja tu, na kataa kipana kiasi cha kufaa kitabu kizima. Na usijibu kwa unayoyajua wewe. Kifungu kikizungumzia malaria, jibu kilichosemwa na kifungu, hata kama mama yako ni mganga wa zahanati na umesikia mengi zaidi nyumbani.

Ufupisho ndiko alama nyingi zinakopotelea, na kosa kuu ni kunakili sentensi za kifungu zilivyo. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zenye vielelezo vya majibu mazuri na mabaya, na zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Zisome, nashangaa ni walimu wangapi hawajawahi kumwonyesha mwanafunzi hata ukurasa mmoja. Mimi ufupisho naufundisha kwa Kiswahili kwanza. Mwanafunzi anasoma kifungu mara mbili, anakifunika, anamsimulia mwenzake wa dawati kwa Kiswahili kilichosemwa, bila mifano wala mapambo. Kisha anaandika masimulizi yake kwa Kiingereza, anahesabu maneno, anapunguza. Hawezi kunakili kitu alichokifunika. Wapo wenzangu wanaoona kuruhusu Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni dhambi, na huko nyuma nami niliamini hivyo. Niliacha nilipoona kwamba watoto niliowanyima Kiswahili hawakuwa wakifikiri kwa Kiingereza. Walikuwa wananyamaza.

Mitihani ya miaka ya nyuma ni mizuri, ila kuianza mapema kunadhuru. Mtoto anafanya kumi, anakosa maswali ya aina ileile, anahitimisha kwamba hana akili. Kati ya sasa na mtihani wa taifa wa Novemba, nataka aya moja kwa siku, dakika 15, kutoka kitabu chochote au gazeti la Kiingereza hata la wiki iliyopita: maduara, mishale, kitenzi kikuu kimepigiwa mstari, kisha sentensi moja ya Kiswahili inayosema aya imezungumzia nini. Mwanafunzi akiniletea aya kumi ambazo mishale yake yote imefika nyumbani, hapo ndipo ninapompa mtihani wa zamani na kumwekea saa mezani.