Simu inaposikia "atalipa" badala ya "hatalipa"

Mfanyabiashara wa mahindi katika soko la Kibaigwa anaweza kuiambia simu yake iandike kwamba mteja fulani hatalipa leo, na simu ikaandika kwamba atalipa. Herufi moja imepotea, na deni limegeuka kuwa fedha inayotarajiwa. Kwa sisi tunaotafiti uchakataji wa lugha kwa kompyuta hapa Dodoma, kosa la namna hii lina uzito kuliko mengine yote, kwa kuwa huduma za sauti huwafaa zaidi wale wanaopata tabu kusoma, na hao ndio wasioweza kuyapitia maandishi na kuyasahihisha.

Kipaza sauti hupima mawimbi ya sauti, na katika mifumo mingi ya utambuzi wa usemi vipimo hivyo huwa 16,000 kwa kila sekunde. Vipimo hukatwa katika vipande vya takribani milisekunde 25 vinavyopandana, kisha programu iliyofunzwa kwa rekodi zenye maandishi yake hukadiria ni herufi zipi zinazoelekea kuwa zimetamkwa, huku modeli ya lugha ikipendelea mfuatano wa maneno uliozoeleka. Yote haya ni makisio, na yanategemea sauti ambazo programu ilifunzwa nazo. Mashine ya Audrey, iliyoundwa mwaka 1952 katika maabara za Bell nchini Marekani, ilitambua tarakimu tu, tena ilifanya vizuri kwa msemaji ambaye ilikuwa imerekebishwa kumfuata. Udhaifu huo umepungua sana tangu wakati huo, lakini haujaisha.

Kiswahili kina nafuu yake, kwani tunaandika karibu kama tunavyotamka. Ugumu uko kwenye viambishi, maana neno moja kama "hawakutuletea" limebeba ukanushi, watendaji, wakati na watendewa. Wasemaji wengi huidondosha "h" ya mwanzo katika mazungumzo ya haraka, na msikilizaji binadamu huelewa kwa muktadha au kwa kumtazama msemaji usoni, jambo ambalo simu haiwezi.

Kipimo kinachotumika zaidi kupima mifumo hii ni kiwango cha makosa ya maneno: maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya maneno yaliyotamkwa. Sentensi ya maneno 10 yenye kosa 1 hupata asilimia 10, iwe "hapo" imeandikwa "hapa" au "hatalipa" imeandikwa "atalipa". Kwa maoni yangu, mfumo wa Kiswahili unaotangazwa kwa asilimia hiyo peke yake haujapimwa vya kutosha, na taasisi inayotaka kuununua iulize kwanza unakosea mara ngapi kwenye ukanushi na kwenye fedha.

Upande wa fedha, hata maneno yakitambuliwa sawasawa maana inaweza kupotea. "Elfu kumi na tano" kwa kawaida ni 15,000, lakini kwa maneno hayohayo inaweza kuwa 10,005. Mfumo ukirudia maneno yaleyale ili mteja athibitishe, haujasaidia kitu. Ni bora utaje tarakimu moja moja, yaani moja, tano, sifuri, sifuri, sifuri, kabla fedha haijaondoka. Saa nazo zina shida kama hiyo, kwani "saa mbili asubuhi" ni 8:00, na programu isiyojua hesabu yetu ya saa itamwamsha mtu usiku wa manane.

Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ulioanza mwaka 2017, hukusanya sauti za watu wanaojitolea, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Sehemu kubwa ya rekodi zake ni sentensi zinazosomwa, na anayesoma huitamka "h" kwa uangalifu kwa sababu anaiona mbele yake. Ndiyo maana tunahitaji pia mazungumzo ya kawaida ya wazee na vijana wa Kongwa, Chamwino na Kondoa, wakiwemo wale ambao lugha yao ya kwanza ni Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Anayeombwa sauti yake ana haki ya kuelezwa itatumika kwa kazi gani na itahifadhiwa na nani, kwa kuwa rekodi inayoweza kumtambulisha mtu ni taarifa binafsi, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.