Insulini ndani ya mtungi, na swali kuhusu ngozi

Bi mkubwa mmoja wa Majengo huhifadhi insulini yake ndani ya mtungi uliozungukwa na mchanga uliorowa, kwani stima ikikatika kwa joto hili la Mombasa, friji haimfai kitu. Juzi aliniuliza: "Mwanangu, dawa hii haiwezi kujitengeneza mwilini nikapumzika?"

Wapo wanaojaribu kuifanya ngozi iwe ndiyo kiwanda. Huchukuliwa kipande kidogo, seli zake zikatiwa jeni ya protini inayotakiwa, zikakuzwa maabara mpaka ziwe utando, kisha ukapandikizwa kwa mwenyewe. Ila lazima jeni iingie kwenye seli shina, zile za chini kabisa zinazozaa nyingine. Seli zilizopanda juu hufa na kupukutika baada ya wiki chache. Jeni uliyoitia huko itaondoka na nongo siku ukijisugua kwa dodoki.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walifanya hivyo kwa panya. Kwa kutumia CRISPR, chombo cha kuhariri jeni, waliingiza jeni ya GLP-1, homoni inayosaidia kongosho kutoa insulini, wakaiwekea swichi: panya akila chakula chenye doksisaiklini, aina ya antibiotiki, jeni inawaka. Panya hao walilishwa mafuta mengi, lakini hawakunenepa kama wenzao, na sukari yao ilidhibitika vizuri zaidi.

Kwa nini si insulini yenyewe? Insulini yapaswa ipande ukila na ishuke ukifunga, na seli ya ngozi haiijui sukari. Ingemwaga tu mchana na usiku, na sukari ikishuka mno inaua. GLP-1 ina huruma zaidi, kwa kuwa huisukuma kongosho pale sukari inapokuwa juu. Ndiyo maana mimi natumaini zaidi kwa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri: protini ya kugandisha damu haihitaji kufuata sahani ya mtu, yatosha iwepo kila siku. Kikwazo ni kwamba tabaka la juu la ngozi halina mishipa ya damu, hivyo protini lazima ipenye hadi chini, na zilizo kubwa hupenya kwa shida.

Faida ninayoipenda ni kwamba kiwanda hiki unakiona kwa macho. Kikiharibika, daktari anakikata. Jeni ikitiwa kwenye ini, huwezi kulifanyia hivyo.

Nikamwambia bi mkubwa ukweli: kwa sukari, bado ni panya. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza mchanga wa mtungi kaumwagia maji lini.

"Asubuhi."

Nikamwomba aumwagie na jioni.