Skeli za gitaa: mbona unazijua tayari?

"Skeli ni nadharia ya waliosoma muziki chuoni." Kauli hii naisikia mara nyingi, tena kwa watu waliokulia kwenye kwaya. Mwambie mtu huyo huyo aimbe do re mi fa so la ti do, ataimba bila kutetereka. Basi ameshaimba skeli ya meja, yaani noti zilizopangwa kama ngazi. Kazi iliyobaki ni kuitafuta kwenye shingo ya gitaa.

Itafute kwanza kwenye uzi mmoja. Piga uzi wowote ukiwa wazi, huo uuite do. Kisha bonyeza freti (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) ya 2 upate re, ya 4 mi, ya 5 fa, ya 7 so, ya 9 la, ya 11 ti, na ya 12 do ya juu. Angalia palipobanana: kutoka mi hadi fa ni freti moja tu, na ti hadi do vilevile. Kwingine kote unaruka mbili. Freti ya 12 inaugawa uzi katikati, ndiyo maana do inarudi pale ikiwa nyembamba zaidi. Hamia uzi mwingine, namba ni zilezile.

"Mwanafunzi aanze na pentatoniki ya maina." Video nyingi za mtandaoni zinasema hivyo, na kwa anayetaka blues au roki si ushauri mbaya: skeli hiyo ina noti 5 tu, vidole havichanganyikiwi. Lakini wewe unayetaka dansi au rumba ya Kongo utahangaika. Sebene, ile sehemu ya kuchezea ambapo magitaa hutawala, kwa kawaida huwa kwenye meja, na mara nyingi utasikia magitaa mawili yakitembea sambamba, moja likiwa noti ya tatu juu ya mwenzake, yote ndani ya skeli ileile. Piga pentatoniki ya maina inayoanzia noti ya A juu ya wimbo kama huo wa A meja (do yake ni A) uone C yako inavyogombana na C-shapu ya wenzako, iliyo freti moja juu yake. Do re mi itakufikisha haraka zaidi.

"Skeli ni za mpiga solo." Hapana. Kodi zenyewe (noti zinazopigwa pamoja, si za serikali) zinatoka humo: do-mi-so ni ya kwanza, fa-la-do ya nne, so-ti-re ya tano. Hesabu nyimbo unazozijua zinazosimama kwa hizo tatu tu, utachoka wewe kabla hazijaisha.

Dhana iliyonipotezea muda mimi ni ya mwendo. Niliamini mazoezi ya skeli ni kukimbia, nikapanda na kushuka na metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) miezi mingi, vidole vikawa vyepesi kweli. Jioni moja nikaombwa nianzishe pambio tunaloimba kila wiki. Sikuipata hata noti ya pili. Vidole vilijua njia, masikio hayakujua vinakokwenda. Siku hizi naimba noti kabla ya kuibonyeza, naanzia so badala ya do, naruka noti, na mara nyingi naacha skeli kabisa nitafute wimbo wa kitoto kwa kupapasa. Ni polepole, na kwa anayesikiliza sebuleni inachosha.

Kuhusu vidole: Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili, alidonoa nyuzi kwa dole gumba na kidole cha shahada tu. Kwa hiyo mkono wa kulia usikutishe. Wa kushoto ni habari nyingine. Huko kidole cha mwisho hakina likizo, hata kikilalamika.

"Ukishajua umbo moja, umezijua funguo zote." Umbo ni mpangilio wa vidole shingoni, ufunguo ni noti unayoiita do. Hii ni nusu kweli. Umbo lisilotumia nyuzi wazi ukilisogeza freti 2 kuelekea tumbo la gitaa, C inakuwa D bila kubadili vidole. Ila kuna uzi mkaidi. Ukiwa unatuni kwa sikio unabonyeza freti ya 5 ili upate sauti ya uzi unaofuata, isipokuwa kwenye uzi wa tatu (ukihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa), ambapo unabonyeza ya 4. Hitilafu hiyohiyo inalivunja umbo. Kwa hiyo ukivuka kutoka uzi wa tatu kwenda wa pili, sogeza vidole freti moja kuelekea tumbo la gitaa, kisha endelea.