Kimeshika, lakini bado hakijaunga

Wiki iliyopita, kwenye benchi la kusubiri kwa daktari wa meno, kaka mmoja alikuwa akisimulia kwenye simu. Juzi amewekewa kipandikizi, yaani skrubu ndogo ya metali ya titaniamu inayoingizwa kwenye mfupa wa taya ili ibebe jino la bandia, daktari amejaribu kukizungusha kikagoma, kwa hiyo "oseointegresheni imeshakubali" na jioni anapitia mishikaki. Nilitamani kumshika mkono.

Oseointegresheni ni mfupa ulio hai kukua mpaka ugusane moja kwa moja na kipandikizi, bila utando wa nyama katikati, hata kiweze kubeba nguvu ya kutafuna.

Neno lenyewe lilitoka kwa daktari mtafiti Per-Ingvar Brånemark wa Sweden na wenzake, miaka ya 1970. Miaka ya 1950, akiwa mji wa Lund, Brånemark alikuwa anachunguza damu inavyopita ndani ya mifupa ya sungura kwa vifaa vidogo vya titaniamu. Alipotaka kuvitoa, havikutoka. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi Gösta Larsson, mgonjwa wake wa kwanza, na vilimtumikia zaidi ya miaka 40.

Kwa Kilatini, "os" ni mfupa. "Integer" ni kitu kizima, na asili yake hasa ni kitu kisichoguswa. Humo hamna gundi wala kubana. Na sisi neno letu tunalo siku zote: mtoto akivunjika mkono, baada ya wiki kadhaa bibi hasemi mfupa umeshika, anasema umeunga. Kuunga ndiko kunakozungumziwa hapa.

Kushika ni kitu kingine. Siku ya kwanza kipandikizi kinakaa kwa sababu skrubu imebana kwenye mfupa wa zamani, kama inavyobana kwenye mbao. Fundi seremala angeielewa mara moja. Ila mbao haina uhai, mfupa unao. Ukishatobolewa, seli zinazokula mfupa zinakuja kuondoa sehemu iliyojeruhiwa, na seli zinazojenga zinaanza kuweka mfupa mpya polepole. Kati ya wiki ya pili na ya nne hivi, kule kubana kwa mwanzo kumepungua na kuunga bado hakujakomaa. Kwa maana hiyo kipandikizi kilichogoma kuzunguka juzi kinaweza kuwa dhaifu zaidi wiki ya tatu. Kikichezacheza wakati huo, hata kwa sehemu ya kumi tu ya milimita au kuzidi kidogo, mwili unaweza kukizungushia utando wa nyama badala ya mfupa. Kikifika hapo, mara nyingi hakina budi kutolewa.

Ndiyo maana Brånemark alisubiri miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Siku hizi titaniamu inakwaruzwa ili mfupa upate pa kujishikiza, na muda umepungua. Wapo pia wanaowekewa jino siku hiyohiyo, lakini hapo daktari amepima na kuamua, na hata huyo anaambiwa ale vyakula laini.

Kwa hiyo, kaka, daktari alipokizungusha kikagoma, alichokiona ni kwamba kimeshika. Useme hivyohivyo, ni habari njema. Kama kimeunga, atakuambia mwenyewe baada ya miezi kadhaa. Kwa sasa ni uji na ndizi za kupondwa, na mishikaki waachie wenzio.